Usiku wa Kuazima Hautishi

Kila unapokaribia mwisho wa mwezi wa Oktoba, baadhi ya kumbi za starehe za Dar es Salaam, na hata hoteli kadhaa za ufukweni Unguja, hupambwa kwa maboga yaliyochongwa macho na meno, na vipaza sauti huanza kutoa milio inayokusudiwa kututia hofu. Mlango unalalamika, minyororo inaburutwa, radi inapasuka, mwanamke anapiga ukelele, na mnyama fulani analia kwa sauti ndefu kama anayeuombolezea mwezi. Hiyo ndiyo sherehe ya Halloween, na hizo ndizo albamu za sauti za kutisha zinazouzwa kwa ajili yake. Sisi tumezisikiliza albamu hizo, si moja wala mbili. Hukumu yetu ni fupi: hazitishi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini safu hii, ambayo kazi yake ni kuzungumza juu ya maji, mashule, bei za karafuu na mwenendo wa viongozi, ipoteze wino kwa jambo la watoto wa mjini wanaovaa vinyago. Tungenyamaza kama milio hiyo ingeishia katika kumbi hizo. Lakini haikuishia huko. Imeingia katika michezo yetu ya redio, katika filamu zetu na katika vichekesho vinavyosambazwa kwa simu, na humo imeleta madhara ambayo viongozi wahusika wanapaswa kuyatazama kwa makini. Nasi tunayaandika haya tukiwa Litapunga, katika Halmashauri ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, mahali ambapo sauti ya usiku haijawa mchezo wa mtu.

Kwanza tuitendee haki sherehe yenyewe. Chimbuko lake latajwa kuwa ni Ireland ya kale, watu walipoadhimisha mwisho wa mavuno na mwanzo wa nusu ya giza ya mwaka. Ukristo ukaikuta na kuipa sura ya mkesha wa Watakatifu Wote. Na wahamiaji wa Kiayalandi wakaichukua hadi Marekani katika karne ya 19. Huko ndiko ilikofanywa kuwa biashara. Mwaka 1964 kampuni ya Disneyland Records ilitoa santuri iitwayo Chilling, Thrilling Sounds of the Haunted House. Upande wa kwanza ulikuwa na visa vifupi vilivyosimuliwa na mwigizaji Laura Olsher, na upande wa pili milio mitupu. Mwaka 1977 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, likatoa santuri ya Death and Horror katika mfululizo wa milio yake ya studio. Mafundi wa kazi hiyo tangu zamani hupasua kabichi ili msikilizaji adhani ni kichwa cha mtu, na huvunja mashina ya mboga ili adhani ni mifupa. Wengi wa waliofuata baada ya hapo, hadi hawa wa leo, wamekuwa wakirudia mambo yale yale kwa vyombo vilivyo bora zaidi.

Kasoro yao ni nini? Kwa maoni yetu, wanadhani kwamba hofu imo ndani ya mlio. Kwa hiyo huirundika milio kama mchuuzi anayerundika nyanya: radi juu ya kilio, kilio juu ya mnyororo, mnyororo juu ya kinanda cha kanisa, kwa muda wa saa nzima bila kupumua. Baada ya dakika tano sikio linachoka, na baada ya kumi wasikilizaji wanaendelea kuzungumza habari za nauli. Hofu ya kweli hukaa katika kungoja. Mlio mmoja, kisha kimya, kisha mtu anajiuliza kama amesikia sawasawa. John Carpenter wa Marekani, aliyeitengeneza filamu ya Halloween mwaka 1978, amekwisha kueleza kwamba aliionyesha kabla ya kutiwa muziki kwa ofisa mmoja wa kampuni ya filamu, na ofisa yule hakuogopa hata kidogo. Ndipo akautunga mwenyewe muziki wa noti chache za piano, katika mapigo ya tano tano yasiyompa msikilizaji mahali pa kutua. Noti chache zile zimeitisha dunia kuliko shehena nzima ya radi na minyororo.

Kasoro ya pili yatuhusu sisi zaidi. Mlango ule unaolalamika ni mlango wa nyumba kubwa ya zamani ya Ulaya, iliyoachwa na wenyewe. Kinanda kile ni cha kanisa la mawe. Mnyama yule anayelilia mwezi ni mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambaye babu zao walimwogopa kwa haki, kwa kuwa alikuwa akishuka kula kondoo wao. Katika nchi yetu mnyama huyo hayupo. Mbwa mwitu tuliye naye sisi, mwenye mabaka na masikio ya duara, hana kilio hicho kabisa. Akiwa na wenzake huchirika kama ndege, na akipotezana nao huita kwa sauti laini ya kuhuzunisha. Na bado mchezo wa redio unaosemekana kutokea katika kijiji cha Tanzania, wenye mganga na jembe na mtungi, hufunguliwa kwa kilio cha mbwa wa Ulaya! Msikilizaji wa Litapunga hacheki wala haogopi. Anatambua tu kwamba mtengenezaji hakupata kulala kijijini.

Laiti angelala, angejua. Mwisho wa Oktoba huku ni ukingoni mwa kiangazi. Mto Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huwa umekauka na kubaki madimbwi ya tope, na viboko husongamana humo mgongo kwa mgongo, wakigombana na kunguruma usiku na mchana. Mlio wa viboko waliobanwa na tope, ukiusikia gizani bila ya kuwaona, unatoka chini ya ardhi. Hujui uko mbele yako au nyuma yako. Fisi naye hutoa sauti inayoanza chini na kupanda, mara moja, kisha hunyamaza kwa muda mrefu, na katika kunyamaza kule ndimo mtu anapokumbuka kwamba mbuzi hawajafungiwa. Komba hulia juu ya mti kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, na mgeni ambaye hajaambiwa huamka kumtafuta mama wa mtoto.

Ndugu zetu wa visiwani hawana haja ya kumwonea wivu mtu wa Katavi. Komba mnaye. Perere mnaye pia, huyo mnyama mdogo wa mitini ambaye kilio chake huanza kama bawaba zisizotiwa mafuta, krii, krii, kisha hupanda hatua kwa hatua hadi kuwa ukelele wa kiumbe anayenyongwa. Mlango wa kulalamika tunaouagiza ng'ambo uko juu ya miti yetu, bure! Na Pemba kuna bundi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila Pemba. Huita kwa sauti moja fupi, akarudia, na mwenzake akamjibu kutoka ndani ya mikarafuu. Kuna popo wakubwa wa Kidike, ambao ugomvi wao machweo wausikia kabla ya kuwaona. Ni mtengenezaji gani wa filamu aliyewahi kwenda na kinasa sauti kuwafuata viumbe hawa? Watafiti wa wanyama wamefanya hivyo. Wasanii wetu, kwa kadiri tujuavyo, hununua milio iliyokwisha kutengenezwa.

Na kabla ya vyombo vyote hivi kulikuwa na sauti ya mtu. Paukwa! Pakawa! Bibi aliyekaa kizingitini, taa ikiwa imepunguzwa utambi ili mafuta yasiishe, aliweza kumleta zimwi chumbani kwa kuibadilisha sauti yake kidogo tu alipofika pale zimwi linapoimba. Aliyekuwa karibu na mlango alisogea katikati. Radio Tanzania ililielewa jambo hili. Kipindi cha Mama na Mwana, alichokisimulia Deborah Mwenda, kilikusanya watoto wa Bara na Visiwani mbele ya redio, na watu wazima wa leo wanaikumbuka hofu ile kwa furaha. Hakikuhitaji mnyororo wala kinanda cha kanisa.

Hadi hapa mtu aweza kusema kwamba tunagombea ladha tu. Basi natulifikie jambo zito zaidi.

Wakazi wa visiwani hawahitaji kufundishwa kwamba hofu ya sauti yaweza kuua. Mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, habari za Popobawa zilianza Pemba, zikavuka hadi Unguja, kisha Dar es Salaam. Dalili moja iliyosimuliwa ilikuwa ni sauti: makucha yakikwaruza juu ya bati. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje, wamejipanga kuzunguka moto. Kila tawi lililogusa paa likawa ushahidi. Na kabla hofu haijatulia, mjini Unguja mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Hatuandiki haya kuwacheka waliolala nje. Aliyekuwapo anajua usiku ule ulivyokuwa. Tunayaandika kwa sababu sauti iliyopewa maana mbaya ilimtafuta mtu wa kuibeba, ikampata asiye na wa kumtetea.

Huku magharibi, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, jambo hilo halikuwa la msimu mmoja. Kwa miaka mingi wazee, na hasa wanawake vikongwe, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikowapikia wale wale waliokuja kuwatuhumu. Kuna imani iliyoenea kwamba mchawi hupanda fisi usiku. Fisi akilia karibu na boma na kesho yake mtoto akaugua, kuna watakaouliza ni nani aliyekuwa nje. Serikali na Chama tumepiga vita imani hizo kwa mikutano, kwa mashule na kwa mahakama, na kazi haijaisha.

Sasa tazama yanayofanywa na sanaa yetu. Watengenezaji walipotambua kwamba kilio cha mbwa wa Ulaya hakimtishi mtu, baadhi yao walitafuta cha nyumbani. Shabaha ilikuwa njema. Lakini badala ya kutafuta usiku, walichukua ngoma. Tangu filamu za kutisha zilipoanza kutengenezwa kwa wingi nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na nyingine zikafuata, kumejengeka kanuni isiyoandikwa katika nyingi ya zile tulizozitazama: akitokea kikongwe, ngoma ilie, akikaa mganga, manyanga yatikiswe, ikiimbwa lugha ya kikabila kwa sauti ya chini, mtazamaji ajue kwamba kuna mtu atakayekufa. Mtoto aliyezaliwa mjini, asiyepata kuisikia ngoma hiyo katika harusi wala katika mavuno, huisikia kwa mara ya kwanza ikiwa imefungamanishwa na maiti. Siku atakapopelekwa kwa bibi yake, na bibi akawa na macho mekundu, na kijiji kikawa na ngoma, mtoto huyo amekwisha kufundishwa nani wa kuogopwa.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza mambo, kwani ngoma ni ngoma na filamu ni filamu. Tunawaomba hao, hasa ndugu zetu Waislamu wa visiwani, waikumbuke filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973. Filamu hiyo, ambayo habari yake ni shetani kumwingia mtoto wa Kimarekani, inafunguliwa kwa adhana. Picha ziko Iraki, na sauti ya mwadhini ndiyo inayomwandaa mtazamaji wa Magharibi kwa uovu utakaokuja. Mwito ule ule unaotuamsha alfajiri, ambao mtoto wa chuoni huufahamu kabla hajaifahamu alifu, umefanywa kuwa mlango wa kuzimu. Ni nani kati yetu asiyeudhika? Na kama tunaudhika, kwa sheria gani tunaona ni halali kuifanyia vivyo hivyo ngoma ya Mbende au ya Mpimbwe? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Katika Halmashauri hii hii ya Nsimbo kuna Katumba, makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao wamekwisha kupewa uraia na leo ni Watanzania. Ngoma kubwa za Burundi, zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, asili yake ni ngoma za mfalme: zilipigwa katika kutawazwa kwake na katika sherehe ya kupanda mtama. Ni ngoma za heshima na za shibe. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alizitumia sauti zilizorekodiwa za wapigaji hao katika wimbo alioupa jina la The Jungle Line, na msikilizaji wa ng'ambo akafundishwa kwamba ngoma ya kumtawaza mfalme ni sauti ya msituni. Mwimbaji yule hakukusudia ubaya, na wimbo wenyewe una ustadi wake. Sisi tunaoishi jirani na wenye ngoma hatuna udhuru huo wa umbali.

Hata jina la mkoa huu lina funzo. Wenyeji husimulia kwamba Katabi alikuwa mwindaji, na kwamba roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambapo wenyeji huacha sadaka wakiomba baraka yake. Hatuzungumzii hapa hukumu ya dini juu ya sadaka hizo. Kila mwenye imani anayo yake. Tunasema tu kwamba watu walioishi na roho hiyo vizazi kwa vizazi hawakuitumia kuwatisha watoto. Waliiomba baraka. Anayetaka kutunga kisa cha kutisha cha Katavi aanzie hapo, kwenye mkwaju mkimya na mtu anayesubiri kujua kama amebarikiwa, naye hatahitaji radi.

Hatuombi marufuku. Mwaka 1969 Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku dansi ya soul mjini Dar es Salaam, na wanaokumbuka watakueleza kwamba vijana waliendelea kuicheza milango ikiwa imefungwa. Anayetaka kuchonga boga Oktoba na achonge. Tunachoomba ni kazi, nayo ni ndogo.

Bodi ya Filamu upande wa Bara, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1976, na BASSFU upande wa Zanzibar, hukagua mavazi na matusi. Nazo zisikilize. Picha ikiwa safi na huku ngoma ya harusi ya kabila fulani imetumika kumtambulisha muuaji, mkaguzi amwite mtengenezaji amuulize ni ngoma ya nani, nani aliyeipiga, na kama alilipwa. COSOTA na COSOZA zipo kwa ajili ya swali hilo la mwisho. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba sauti ilichukuliwa tu mahali ilipokuwa.

TBC na ZBC nazo zifungue maktaba zao. Radio Tanzania iliacha maelfu ya mikanda ya ngoma, hadithi na michezo, na Zanzibar imetangaza tangu mwaka 1951. Ngoma zilizomo humo zikisikika hewani zikiwa na majina ya wenyewe na shughuli zake, harusi ikiitwa harusi na mavuno yakiitwa mavuno, nusu ya madhara tuliyoyaeleza itapungua bila ya kumwadhibu mtu.

Na maofisa wa utamaduni wa wilaya, ambao wengi wao hawana bajeti ya kutosha hata mafuta ya pikipiki, wapewe walau chombo. Kinasa sauti kizuri cha mkononi hakifikii bei ya pikipiki hiyo. Vijana wawili wa Litapunga, pamoja na askari wa hifadhi wa kuwalinda, na wenzao wawili wa Pemba, wanaweza kukusanya katika mwezi mmoja sauti za usiku zitakazowatosha watengenezaji wetu wa filamu na redio kwa miaka mingi, zikahifadhiwa kwa jina la mahali na tarehe, zikatolewa bila malipo kwa msanii yeyote Mtanzania atakayezihitaji. BBC ilikwisha kuufungulia umma milio yake zaidi ya 16,000 mwaka 2018. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Uingereza ilifilisika kwa ajili hiyo.

Atakayeikubali kazi hii asichelewe kuidhinisha safari. Huku mvua huanza Novemba. Zikishanyesha mfululizo Mto Katuma hujaa, viboko hutawanyika, na vyura hulia kwa wingi hata sauti nyingine haisikiki.